"Kupona" kwa Misuli na "Maji Baridi": Uhakiki wa Tafsiri Moja ya Michezo

1. Chanzo cha Makala Haya

Mwalimu mmoja wa michezo wa Wilaya ya Kahama, Mkoa wa Shinyanga, alituletea karatasi yenye kurasa mbili akiwa na swali moja tu: je, kifungu "kuzama katika maji baridi kwa ajili ya kupona kwa misuli baada ya mazoezi ya nguvu" ni Kiswahili sanifu? Karatasi yenyewe ni tafsiri kutoka Kiingereza, na ilikusudiwa kuwafundisha walimu na makocha namna ya kuwatunza wachezaji baada ya mazoezi. Haina jina la mfasiri. Hata kama lingekuwamo tusingelitaja, kwa kuwa shabaha ya uhakiki huu ni maneno, si mtu.

Jibu la swali la mwalimu lingeweza kuwa fupi. Kifungu hicho hakina kosa la sarufi, na kila neno lililomo linapatikana katika kamusi. Lakini mwalimu huyo aliongeza jambo ambalo lilituzuia kumjibu kwa mstari mmoja. Vijana wake walipokwisha kusomewa maelezo hayo, walimwuliza kama waende lamboni jioni ile ile, au wangoje Jumamosi.

Swali la vijana hao si la kuchekwa. Walikisikia Kiswahili kama kilivyoandikwa, wakakielewa kama kinavyoeleweka kwao. Kosa halikuwa lao. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kifungu hicho kimekosea mahali patatu, na kwamba kila mahali kosa ni lile lile: mfasiri ametafuta kisawe cha neno kabla hajauliza neno linataja kitu gani. Aidha tutapendekeza maneno mengine ambayo, kwa maoni yetu, yanafaa zaidi.

2. Jambo Linalotajwa

Kabla ya kupima maneno, yafaa tueleze jambo lenyewe kwa ufupi.

Mtu anaponyanyua vyuma, au anapofanya kazi yoyote ya kuinua uzito mkubwa kupita mazoea yake, nyuzi za misuli hupata michubuko midogo sana isiyoonekana kwa macho. Maumivu yake aghalabu hayaji siku ile ile. Huanza kesho yake, na huwa makali zaidi kati ya saa 24 na saa 72 baada ya kazi. Wakati huo mwili huwa unatengeneza sehemu zilizochubuka kwa kutumia protini, na kazi hiyo ikirudiwa kwa majuma mengi pamoja na chakula cha kutosha, misuli hunenepa na nguvu huongezeka. Maumivu na ujenzi, kwa hiyo, ni mambo mawili yanayotokea katika mwili mmoja kwa wakati mmoja.

Wanamichezo wengi wa nchi za nje huketi ndani ya pipa au beseni kubwa la maji yaliyotiwa barafu, aghalabu ya nyuzi 10 hadi 15 za Selsiasi, kwa muda wa dakika 10 hivi. Baridi hiyo huibana mishipa ya damu na kupunguza hisia ya maumivu. Mwaka 2012 wataalamu waliyakusanya majaribio madogo 17 yaliyohusu watu 366, wakaona kwamba kuna ushahidi kiasi kuwa maji hayo hupunguza maumivu ya siku zinazofuata, yakilinganishwa na kupumzika tu.

Lakini mwaka 2015 watafiti wa Australia na wenzao walitangaza matokeo ya namna nyingine. Wanaume 21 walifanya mazoezi ya kujenga nguvu za miguu kwa majuma 12. Baadhi yao waliketi katika maji ya nyuzi 10 kwa dakika 10 kila baada ya mazoezi. Wengine waliendesha polepole baiskeli isiyotembea. Mwisho wa majuma hayo, wale wa baiskeli ndio walioongeza misuli na nguvu zaidi. Mwaka 2020 watafiti wa Uholanzi walikwenda mbele zaidi. Waliwachukua vijana 12, na kwa majuma mawili kila mmoja wao alitia mguu mmoja katika maji ya nyuzi 8 baada ya mazoezi, na mwingine katika maji ya nyuzi 30. Mguu wa baridi ulitengeneza protini kidogo kuliko mwenzake.

Kwa maneno mengine, baridi yaweza kumpunguzia mtu maumivu na papo hapo ikampunguzia faida ya mazoezi yake. Msomaji aishike kauli hiyo, maana ndiyo kipimo cha yote yatakayofuata.

3. "Kupona"

Neno la Kiingereza lililotafsiriwa hapa ni "recovery". Ni neno lenye milango mingi. Hutumika kwa mgonjwa aliyepata nafuu, kwa mali iliyoibwa ikapatikana, kwa deni lililolipwa na kwa uchumi uliokwisha kuanguka ukainuka. Huko Geita na Kahama lina mlango mmoja zaidi. Katika kazi ya kuchenjua madini, neno hilo hilo hutaja kiasi cha dhahabu kinachopatikana kutoka katika mawe yaliyosagwa. Mfasiri wa ripoti ya mgodi hawezi kuandika kwamba dhahabu "imepona". Huandika kwamba imepatikana, kwa sababu ametazama kitu na si neno. Uangalifu huo huo ndio unaotakiwa kwa mfasiri wa michezo.

Katika Kiswahili anayepona ni yule aliyekuwa mgonjwa, au aliyejeruhiwa, au aliyenusurika katika hatari. Kidonda hupona. Homa hupona. Abiria hupona katika ajali. Kila mara kupona ni kurudi pale mtu alipokuwa kabla ya balaa, na balaa lenyewe ni kitu kibaya ambacho kingeepukika ingekuwa bora. Msuli wa mwanamichezo hauko hivyo. Haukupatwa na balaa, umefanyishwa kazi kwa makusudi. Wala hautakiwi kurudi ulipokuwa, bali kufika mahali ambapo haukuwapo. Mchezaji ambaye misuli yake "imepona" tu, yaani imerudi ilivyokuwa Jumatatu, amepoteza juma zima.

Hapa ndipo tafsiri inapogeuka kuwa fundisho baya. Karatasi ile inasema kwamba maji baridi husaidia misuli "kupona haraka". Kocha anayeisoma atahitimu kwamba maji hayo ni dawa, na kwamba dawa ikitumiwa baada ya kila zoezi manufaa yatazidi. Kumbe yale tuliyoyaeleza juu yanaonyesha kinyume. Maumivu ndiyo yanayopungua haraka, na ujenzi ndio unaocheleweshwa. Neno moja limefunika mambo mawili yanayovutana.

Itasemwa kwamba hata Kiingereza kimeyafunika. Ni kweli. Lakini haifuati kwamba Kiswahili nacho kiyafunike. Mfasiri hana wajibu wa kuhamisha utata wa lugha ya watu pale ambapo lugha yake mwenyewe ina maneno ya kuuondoa. Na Kiswahili kinayo. Tunalo neno "ahueni", ambalo kila mtu anajua kwamba si kupona: mgonjwa hupata ahueni asubuhi, na jioni hali ikabadilika. Ahueni ni kupungua kwa maumivu jinsi mtu anavyojisikia, bila kuahidi lolote kuhusu chanzo chake. Tunacho pia kitenzi "kujijenga", ambacho walimu wa michezo wamekizoea kwa muda mrefu katika kauli kama "kujenga mwili".

Kwa hiyo tunapendekeza neno hilo la Kiingereza lisipewe kisawe kimoja katika uwanja huu. Panapotajwa hisia, iandikwe "ahueni ya misuli". Panapotajwa kazi ya mwili ya kutengeneza na kuongeza, iandikwe "kujijenga kwa misuli". Mfasiri asiyejua ni lipi kati ya hayo mawili linalotajwa katika andiko alilonalo, basi hajalielewa andiko, na afadhali aulize kabla ya kuendelea.

4. "Maji Baridi"

Kosa la pili ni la hatari zaidi, ingawa maneno yenyewe ni mepesi.

Nyumbani, "maji baridi" ni yale ambayo hayakutiwa motoni. Dukani ni yale yaliyotoka katika friji. Katika vitabu vya jiografia na katika idara za uvuvi, "maji baridi" ni maji yasiyo na chumvi: tunasema samaki wa maji baridi, na Ziwa Victoria hutajwa kuwa ziwa la maji baridi. Maana hizi tatu zinaishi pamoja bila ugomvi, kwa sababu mahali pa mazungumzo huamua ni ipi inayotakiwa. Lakini kijana wa Geita au wa Shinyanga akiambiwa azame katika maji baridi, mahali alipo humwambia nini? Humwambia ziwa, lambo, jaruba la mpunga, na shimo la zamani la wachimbaji lililojaa mvua ya masika.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo chenye ubaridi unaotajwa na watafiti. Maji ya Ziwa Victoria huwa na joto linalozidi nyuzi 20, na lambo linaloanikwa na jua la Shinyanga kutwa nzima haliwezi kukaribia nyuzi 15. Kwa upande wa faida, basi, kijana hapati kitu. Kwa upande wa hasara anapata mengi. Kichocho kimeenea katika mwambao wa Ziwa na katika nchi ya malambo na majaruba. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama tu katika maji, na kadiri anavyokaa ndivyo hatari inavyozidi. Kumwambia akae dakika 10 bila kutikisika ni kumweka tayari kwa ugonjwa. Mashimo yaliyoachwa na wachimbaji yana kingo zinazobomoka, na watoto wamekwisha kufa ndani yake. Na maji ya mialo, ambako mchanga wenye dhahabu huoshwa, huweza kuwa na zebaki, ambayo wachimbaji wadogo huitumia kunasia dhahabu.

Haya hayakuwa katika mawazo ya mwandishi wa Kiingereza, aliyeandika kwa ajili ya watu wenye bafu na mashine ya barafu. Wala si kosa lake. Ni kazi ya mfasiri kujua kwamba maneno yake yatasomwa Kahama.

Tunapendekeza "maji yaliyopozwa". Kauli hiyo ya kutendwa inabeba habari ambayo kivumishi "baridi" hakina: kwamba kuna mtu aliyeyapoza, kwamba yamo katika chombo, na kwamba ubaridi wake ni wa kupimwa. Hakuna atakayeliita lambo maji yaliyopozwa. Pamoja na hayo, kiwango cha nyuzi kitajwe kila mara, maana istilahi ya kipimo isiyokuwa na kipimo ni pambo tu.

Tahadhari moja ya uchapaji inafaa hapa. "Kupoza" na "kupooza" hutofautiana kwa irabu moja. Msahihishaji akisinzia, "kupoza misuli" itakuwa jambo ambalo hakuna mchezaji analolitaka.

5. "Kuzama"

Kiswahili kina hazina kubwa ya vitenzi vya mwili na maji, na mfasiri wetu amechukua kile kisichofaa kuliko vyote. Anayezama amekwenda chini, na aghalabu harudi. Meli huzama. Aliyezamishwa ametendewa uovu. Anayechovya hutia na kutoa mara moja, kama tonge katika mchuzi. Anayetumbukia hakukusudia. Anayejimwagia hakai ndani ya maji, na anayeoga ana nia ya kutakata.

Liko neno ambalo akina mama wanalitumia kila siku jikoni na uani: kuloweka. Tunaloweka maharage, tunaloweka mihogo, tunaloweka nguo. Ndani ya kitenzi hicho kuna chombo, kuna maji yaliyowekwa kwa makusudi, na zaidi ya yote kuna muda. Kitu kilicholowekwa kimeachwa majini kwa saa zinazojulikana, kisha kitatolewa. Hayo ndiyo hasa yanayotajwa. "Kujiloweka" kwa mtu kunasikika katika mazungumzo, na halina shida ya kueleweka. Wako watakaosema kwamba ni neno la jikoni na halina hadhi ya kitaalamu. Tunawajibu kwamba hadhi ya istilahi ni uwezo wake wa kutaja kitu bila kukosea, na kwamba jikoni ni mahali pa vipimo na saa kuliko ofisi nyingi.

Hatuoni haja ya kuunda nomino mpya. Kitenzi-jina "kujiloweka" kinatosha, na kitaepusha maneno ya aina ya "uzamishaji" na "utumbukizaji", ambayo msomaji huyaona kwenye karatasi tu wala hayasikii mahali pengine.

6. "Mazoezi ya Nguvu"

Kifungu hiki hakina hatari kubwa, lakini kina utata. "Mazoezi ya nguvu" yaweza kuwa mazoezi makali ya aina yoyote, hata kukimbia kilomita kumi juani. Yaweza pia kuwa yale ambayo lengo lake ni kuongeza nguvu. Tofauti hiyo ina maana, kwa sababu majaribio ya mwaka 2015 na 2020 yalihusu aina hii ya pili. "Mazoezi ya kujenga nguvu" huondoa utata kwa kuongeza neno moja. Katika maelezo ya kawaida "kunyanyua vyuma" kunatosha, na vijana wamekwisha kulichagua wenyewe.

7. Watu Ambao Karatasi Imewasahau

Ingekuwa ni haki kusema kwamba tafsiri hii ina sifa zake. Sentensi zake ni fupi, haikujaza maneno ya kigeni, na mahali ilipoeleza usingizi, maji ya kunywa na chakula imeeleza vizuri kabisa. Lakini tukiitazama kutoka Shinyanga, tunaona imedhani kwamba wanaonyanyua uzito ni wachezaji peke yao.

Mikoa hii imewahi kuwa na timu zilizocheza Ligi Kuu, miongoni mwao Stand United, Mwadui na Geita Gold. Kwa mchezaji mwenye mechi mbili katika juma moja, ahueni yaweza kuwa muhimu kuliko ujenzi, na kujiloweka kukawa na sababu. Lakini watu wengi zaidi wa huko hunyanyua uzito kwa ajili ya ugali. Yuko anayeshuka katika duara na sururu, yuko anayepandisha viroba vya mawe, na wako wanawake wanaokaa kutwa wakiponda mawe kwa nyundo. Maumivu ya kesho yake wanayajua kuliko kocha yeyote. Nao wanayo lugha yao ya kuyatunza: mtu hukandwa kwa kitambaa na maji ya moto, huchuliwa kwa mafuta, hupumzishwa.

Mfasiri hakuwa na sababu ya kuyaacha maneno hayo nje. Kama karatasi ingeanza na "kukanda", ambalo kila msomaji analijua, kisha ikaeleza kwamba baadhi ya wanamichezo hufanya kinyume chake kwa maji yaliyopozwa, msomaji angekuwa na mahali pa kusimama. Angejua pia kwamba njia zote mbili zinazungumza na maumivu kwanza. Badala yake amepewa jambo geni kwa maneno aliyoyazoea kwa maana nyingine, na hiyo ndiyo njia ya hakika ya kumpoteza mtu. Neno geni kabisa humfanya msomaji aulize. Neno la kila siku lililotumiwa vibaya humfanya aende lamboni.

8. Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunapendekeza kwa wafasiri, walimu na maofisa wa michezo matumizi yafuatayo:

(a) "ahueni ya misuli", panapotajwa kupungua kwa maumivu na uchovu;
(b) "kujijenga kwa misuli", panapotajwa kutengenezwa na kuongezeka kwa misuli;
(c) "kujiloweka katika maji yaliyopozwa", pamoja na kiwango cha nyuzi na idadi ya dakika;
(d) "mazoezi ya kujenga nguvu", panapotajwa mazoezi yenye lengo hilo;
(e) "kupona" libakie kwa ugonjwa, jeraha na hatari.

Tukiyatumia maneno hayo, sentensi iliyotuletea makala haya itasomeka hivi: "Kujiloweka kwa dakika 10 katika pipa la maji safi yaliyopozwa hadi nyuzi 10 au 15 huweza kumpa mchezaji ahueni ya misuli, lakini kukifanywa kila baada ya mazoezi ya kujenga nguvu huweza kupunguza kujijenga kwa misuli. Wenye ugonjwa wa moyo wasifanye hivyo bila kumwona daktari. Maji ya ziwa, lambo, jaruba au shimo yasitumiwe." Ni ndefu kuliko ya kwanza. Urefu huo ni gharama ya kusema kweli, na hatuoni kuwa ni kubwa.

Mwalimu wa Kahama tumekwisha kumwandikia. Tumemjibu kwamba kifungu chake kilikuwa Kiswahili sanifu, na kwamba hata hivyo alifanya vyema kuwazuia vijana wasiende. Wasomaji wenye maneno bora kuliko haya, hasa wale wanaoishi na kufanya kazi katika mikoa ya Shinyanga na Geita, wanaombwa watuletee maoni yao kabla mapendekezo haya hayajapelekwa mbele ya kamati.